Kigae, Kauri na Shimo Tupu: Kufundisha Sanaa ya Vyombo vya Kichina na Kijapani katika Mwambao wa Tanga

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya walimu tarajali wa shule za msingi, na hasa wale watakaopangiwa kufundisha katika vijiji vya mwambao kuanzia Moa hadi Saadani. Yahusu somo ambalo wengi wetu hulikwepa: sanaa ya kale ya China na Japani, istilahi zake na mbinu za mafundi wake. Mwalimu anapolifikia somo hili, kwa kawaida hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama huandika ubaoni majina ya nasaba za wafalme, Tang, Song, Yuan, Ming na Qing, na wanafunzi wakayanakili kama wanavyonakili majina ya milima ya Ulaya. Ama huliruka somo zima kwa kisingizio kwamba shule haina picha wala vitabu. Kwa mwalimu wa Tanga kisingizio hicho hakina msingi. Somo lenyewe limejengwa kwa mawe na chokaa, kilometa zisizozidi 20 kusini ya mji, kando ya njia iendayo Pangani.

Huko Tongoni yapo magofu ya msikiti na makaburi ya karne ya 14 na ya 15. Miongoni mwa makaburi hayo, zaidi ya 20 yalijengewa nguzo, na hakuna mahali pengine katika mwambao wote wa Afrika Mashariki palipokusanyika makaburi ya nguzo mengi kama hapo. Nguzo nyingi zimekwisha anguka. Wareno waliojua mahali hapa kwa jina la Mtang'ata walipita mwaka 1498, na mwanzoni mwa mwaka 1499, wakirejea kutoka India, waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliosalia hai hawakutosha kuiendesha. Hayo tumwachie mwalimu wa historia. Yetu sisi ni haya: mtu akizitazama nguzo hizo kwa makini, zilizosimama na zilizolala, ataona mashimo ya mviringo yaliyotiwa kwa makusudi ndani ya chokaa. Humo ndimo yalimopachikwa mabakuli yaliyotoka ng'ambo. Mabakuli yenyewe hayapo. Yameng'olewa.

Tunapendekeza mwalimu aanze na shimo hilo tupu. Kila istilahi atakayoifundisha aifunge kwenye kitendo cha mkono au cha jicho, na kila kitendo kimrudishe mwanafunzi kwenye swali moja: ni chombo gani kilichokaa hapa, kilifanywaje, na tungekijuaje kama tungekiona? Akifanya hivyo, maneno kumi yatatosha kwa muhula mzima. Asipofanya hivyo, hata maneno mia hayatamfaa mtoto.

Kosa letu la kwanza

Hatuna budi kukiri kwamba njia hii hatukuizua kwa busara. Tuliifikia baada ya kukosea. Tulipoanza kulifundisha somo hili tuliwaagiza wanafunzi wa darasa la sita walete shuleni vigae vya zamani watakavyoviona ufukweni na mashambani. Tulidhani tumepata zana bora isiyogharimu hata senti. Baada ya siku tatu tulikuwa na kikapu kizima. Kulikuwamo vipande vya kijani, vya buluu, vya manjano, na vingine vya sahani zilizovunjika juzi jikoni. Tukafurahi, mpaka kijana mmoja alipotoa kipande kikubwa cha kitako cha bakuli ambacho mgongoni mwake chokaa ilikuwa bado imeshikamana, nyeupe, ikiwa na mikwaruzo mipya ya kisu. Tulipomwuliza amekipata wapi, alijibu kwa fahari: "Kaburini, Mwalimu. Kilikuwa kimekaza sana."

Mtoto yule hakuwa na hatia. Ametii agizo, tena kwa bidii kuliko wenzake. Sisi ndio tuliomtuma. Na hasara haikuwa kipande kile tu. Vigae vyote vilivyokuwa kikapuni vilikuwa vimekwisha poteza nusu ya maana yao, kwa kuwa hapakuwa na yeyote aliyeweza kusema kipi kilitoka wapi, kilikuwa kina gani, na kilikuwa pamoja na nini. Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia Mwingereza aliyezuru mwambao huu mwaka 1955, aliona kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Ikiwa ndivyo, basi darasa letu lilikuwa limekata herufi kutoka katika ukurasa na kuzitia kikapuni.

Tangu siku hiyo tuna amri moja isiyo na ubaguzi: hakuna kigae cha kale kinachookotwa, hata kilicho juu ya mchanga. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yakataza kuchimba na kuchukua vitu hivyo bila kibali, na mwalimu anapaswa kuwaeleza wanafunzi hivyo waziwazi. Zana za darasani zitoke jikoni: kikombe kilichovunjika, sahani iliyopasuka, kipande cha chungu, kipande cha chupa. Kwa vitu hivi vinne karibu kila jambo tutakalolieleza hapa chini laweza kuonyeshwa. Mwalimu asawazishe kwanza kingo kali kwa kuzisugua juu ya jiwe.

Chungu na kauri

Kichina hutofautisha kwa neno moja moja vyombo vya udongo wa kawaida, viitwavyo *tao*, na vyombo vigumu vilivyochomwa kwa moto mkali sana, viitwavyo *ci*. Kiswahili nacho kina tofauti hiyo tangu zamani: tunasema chungu, mtungi na kigae cha kukaangia kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili tunasema chombo cha kauri. Inafaa mwalimu asimame kidogo kwenye neno hili. Kauri kwanza ni kombe la baharini, lile dogo, jeupe, laini, linalong'aa kama lililopakwa mafuta. Waswahili walipotaka jina la chombo cheupe kilichotoka ng'ambo walilitazama kombe hilo. Waitaliano walifanya vivyo hivyo: *porcellana* lilikuwa jina lao la kauri wa baharini kabla halijawa jina la bakuli la China, na ndilo lililozaa jina la vyombo hivi katika lugha nyingi za Ulaya. Watoto wa mwambao wanamjua kauri. Mwalimu amlete mmoja darasani, ampitishe mikononi mwao, kisha apitishe kikombe. Istilahi ya kwanza itakuwa imeeleweka kabla haijaandikwa ubaoni.

Halafu yafuate majaribio matatu. La kwanza ni la sauti: gonga kikombe cha kauri kwa ukucha nacho kitalia kama kengele ndogo, gonga chungu nacho kitatoa sauti butu. La pili ni la nuru: inua kipande chembamba cha kauri mbele ya jua huku kidole kikiwa nyuma yake, na kivuli cha kidole kitaonekana kwa mbali. La tatu ni la maji, nalo hufanywa kwenye ukingo uliovunjika, wala si juu ya uso. Tone la maji likitiwa kwenye ukingo wa chungu hunywewa mara moja. Likitiwa kwenye ukingo wa kauri hukaa kama umande juu ya jani la mgomba.

Sababu ya tofauti hiyo ni udongo na moto. Mafundi wa Jingdezhen, mji wa jimbo la Jiangxi ulio mashuhuri kuliko yote kwa kazi hii, walichanganya vitu viwili. Kimoja ni udongo mweupe uitwao kaolini, jina linalotokana na kilima cha Gaoling kilicho karibu na mji huo. Cha pili ni jiwe lililopondwa na kufanywa matofali madogo meupe. Udongo hushika umbo. Jiwe huyeyuka na kujaza nafasi zote zilizo kati ya chembe za udongo. Kazi hiyo yahitaji joko lenye joto la nyuzi zipatazo 1,300 za Selsiasi. Moto wa wazi wa kuni na majani, ambao mfinyanzi wa kwetu huuwasha juu ya vyungu vyake, mara chache huzidi nyuzi 900. Mwalimu asiliseme hilo kwa namna ya kumdharau mfinyanzi wa kwetu. Chungu chenye vinyweleo hupoza maji na hustahimili mafiga. Bakuli la Ming lingepasuka jikoni siku ya kwanza.

Moto uliobanwa pumzi

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo bora kuliko yote katika somo hili, na ambalo tulifundishwa na bibi mmoja mfinyanzi wa milimani Usambara. Tulikuwa tumekwenda kumwomba aeleze ufinyanzi kwa wanafunzi wetu. Baada ya shikamoo na marahaba, mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa nini chungu chekundu kilikuwa na doa jeusi ubavuni. Bibi akajibu, "Hapo moto haukupata pumzi, mwanangu. Kuni ziliuangukia." Hakuongeza neno, akaendelea na kazi yake.

Jibu hilo lafungua mlango wa seladoni. Seladoni ni kauri au chombo kigumu cha rangi ya kijani, mithili ya maji ya mkondo wenye mikoko au jani changa, na iliyo mashuhuri zaidi ilitoka Longquan katika jimbo la Zhejiang wakati wa Song, Yuan na mwanzo wa Ming. Vipande vyake vimepatikana katika magofu mengi ya mwambao wetu, kuanzia Kilwa hadi Gedi. Kijani hicho hutokana na chuma kidogo kilichomo katika tabaka la kioo linalofunika chombo. Chuma hicho hicho ndicho kinachoufanya udongo wa chungu chetu kuwa mwekundu. Tofauti ni pumzi. Moto unaopata hewa ya kutosha hukipa chuma wekundu. Moto uliozibwa, unaotafuta hewa asiipate, hukipa chuma ukijani. Fundi wa Longquan aliziba joko lake kwa wakati aliouchagua. Doa la bibi lilitokea kwa kuni kuanguka. Kanuni ni moja. Aidha, kitako cha bakuli la Longquan, pale ambapo hapakupakwa kitu, mara nyingi kimegeuka wekundu wa kutu, kwa sababu joko lilipokuwa likipoa hewa iliingia na kukifikia chuma kilicho wazi. Bakuli moja basi hubeba rangi zote mbili, na mtoto aliyelielewa doa la chungu ataweza kueleza zote mbili.

Tumetumia maneno "tabaka la kioo", nasi tungependa walimu wayafikirie. Wako wanaosema "rangi", na wako wanaosema "mng'aro". Neno rangi lapotosha, kwa kuwa tabaka hili laweza kuwa halina rangi kabisa. Mng'aro ni matokeo yake tu. Kitu chenyewe ni kioo halisi: unga wa mawe na majivu uliokorogwa kwa maji, ukapakwa, ukayeyuka motoni na kushikamana na mwili wa chombo. Kipande cha chupa kikiwekwa kando ya ukingo wa kikombe kilichovunjika, mtoto ataliona tabaka hilo kama ngozi nyembamba juu ya mwili mweupe. Katika seladoni tabaka hili huwa nene, na mafundi walilitumia kwa werevu: walichonga petali za yungiyungi nje ya bakuli, au walibandika samaki wawili wa udongo ndani yake, kisha wakapaka. Kioo kilijaa zaidi kwenye mifereji, kikawa kijani kizito, na juu ya matuta kikawa chepesi. Mchoro ukaonekana pasipo kalamu. (Ipo pia imani iliyoenea zamani katika nchi za Kiislamu kwamba sahani ya seladoni hupasuka ikitiwa chakula chenye sumu. Si kweli, lakini wanafunzi hawataisahau seladoni wakiisikia.)

Maua ya buluu

Aina ya pili ambayo mwanafunzi anapaswa kuijua ni ile nyeupe iliyochorwa kwa buluu. Wachina huiita *qinghua*, yaani maua ya *qing*. Neno *qing* ni la ajabu kwetu, kwa maana hutumika kwa buluu na kwa kijani pia. Seladoni nayo huitwa *qingci*. Wajapani wana neno la namna hiyo hiyo, *ao*. Msomaji asishangae. Waulize wazee wa kijijini rangi ya bahari asubuhi na rangi ya bahari jioni, kisha uhesabu majina utakayopewa.

Mbinu hii ilikamilika Jingdezhen katika nusu ya kwanza ya karne ya 14, zama za Yuan. Rangi yake ni kobalti, na kobalti bora ya wakati huo ililetwa China kutoka Uajemi. Hapa ndipo ramani inapomjia mtoto yenyewe: madini yalisafiri kutoka nchi za Waislamu hadi China, yakawa maua juu ya bakuli, na bakuli likarudi kuvuka bahari ile ile hadi likafika Mtang'ata. Mwalimu ajihadhari hapa na jambo moja. Ni kweli kwamba misafara ya Zheng He, iliyofanyika kati ya mwaka 1405 na 1433, ilifika katika pwani ya Afrika hadi Malindi. Lakini mabakuli mengi hayakuletwa na Wachina wenyewe. Yalipita bandari nyingi na mikono mingi ya wafanyabiashara wa India, Uajemi na Uarabuni kabla ya kushushwa kwetu. Mwalimu anayesema "Wachina waliyajenga makaburi haya" amewakosea Wachina na Waswahili kwa pamoja.

Mpangilio wa kazi ni huu. Bakuli hufinyangwa na kukaushwa. Kabla halijachomwa hata mara moja, huchorwa kwa kobalti iliyokorogwa kwa maji. Kisha hupakwa lile tabaka la kioo juu ya mchoro, ndipo huingizwa jokoni, mara moja tu. Kwa hiyo mchoro umo chini ya kioo, wala haufutiki hata chombo kikisuguliwa kwa miaka 600. Mabakuli yenye wekundu, manjano na kijani vilivyochorwa juu ya kioo hurudishwa motoni mara ya pili kwa joto dogo zaidi, na rangi zake hukwaruzika. Kidole kikipita juu ya uso chaweza kuhisi tofauti: huku laini tupu, kule vituta vidogo.

Mambo mawili yalimfanya mchoraji wa *qinghua* awe stadi wa kipekee. Kwanza, kobalti kabla ya kuchomwa ni ya kijivu cheusi; mchoraji haioni buluu anapochora. Pili, udongo uliokauka hunywa maji papo hapo. Mstari ukishaguswa umekwisha. Haufutwi, haurudiwi, na mkono ukisita doa linabaki.

Hili halieleweki kwa kusikiliza. Lazima wanafunzi walifanye. Wino hutengenezwa kwa masizi ya chungu yaliyopondwa vizuri na kukorogwa na uji mwepesi wa muhogo. Hata wino wa China wa kale ulikuwa masizi na gundi. Brashi hutengenezwa kwa nyuzi za katani, ambazo mkoa wetu haujazikosa, zikapondwa mpaka zilainike na kufungwa kwenye tete. Atakayeona katani ni ngumu mno atafune ncha ya mswaki. Turubai yetu ni vigae vya udongo wa mtoni vilivyokaushwa juani bila kuchomwa. Tuliwaambia wanafunzi wachore jani moja la mwembe kwa mistari mitatu tu. Kigae cha kwanza kila mmoja alikiharibu. Walizoea penseli na kifutio, wakajaribu kurekebisha, udongo ukavimba na mstari ukawa donda. Ilipofika kigae cha nne wengi walikuwa wamejifunza kulifikiri jani zima kabla ya kulishusha, na kuukandamiza mkono pale mstari unapotakiwa kunenepa na kuuinua unapotakiwa kukonda.

Baada ya hapo waweza kuwagawa kwa makundi. Padre Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen na kuandika barua zake mashuhuri mwaka 1712 na 1722, alieleza kwamba chombo kimoja kilipita katika mikono ya watu 70 hivi, na kwamba wachoraji waligawana kazi: huyu mstari, yule kujaza rangi. Wanafunzi wakifanya hivyo watagundua wenyewe faida yake, na hasara yake. Binti mmoja alilalamika kwamba aliyejaza rangi ameliua ua lake. Tulimwacha alalamike; tulidhani amelijua jambo kubwa la historia ya sanaa kuliko lolote tulilomwandikia ubaoni.

Kitako

Wanaotazama bakuli kwa pupa hutazama mdomo na tumbo. Mjuzi huligeuza akatazama kitako. Hapo udongo u wazi, hapo rangi ya mwili huonekana, na hapo pengine pana maandishi. Katika vyombo vya Ming na Qing mara nyingine huandikwa herufi sita, husomwa kutoka juu kwenda chini, safu ya kulia kwanza. Zikisema kwa mfano *Da Ming Xuande nian zhi*, maana yake ni kwamba chombo kilitengenezwa katika miaka ya Xuande ya Ming Kuu, yaani kati ya mwaka 1426 na 1435. Mwalimu atavutiwa kuamini. Asiamini upesi. Mafundi wa baadaye waliandika alama za wafalme wa zamani kwa kuwaheshimu waliowatangulia, na Wajapani nao waliandika alama za Ming kwenye vyombo vyao. Alama ni shahidi mmoja tu miongoni mwa wengi.

Hapa ndipo mahali pa kuitaja Japani, nasi tutaitaja kwa kifupi kwa kuwa katika mwambao wetu mchango wake ni mdogo. Kauri ya Japani ilianza huko Arita mwanzoni mwa karne ya 17. Nasaba ya Ming ilipoanguka mwaka 1644 na vita kuyavuruga majoko ya China, Kampuni ya Kiholanzi iligeukia Arita, na kufikia mwaka 1659 ilikuwa ikiagiza kwa maelfu. Vyombo hivyo vilijulikana ng'ambo kwa jina la Imari, ambayo ni bandari vilikopakiwa, kama vile kahawa ya milimani Yemen ilivyoitwa Moka kwa ajili ya bandari yake. Ile ya buluu na nyeupe Wajapani huiita *sometsuke*. Neno moja zaidi la Kijapani litawafurahisha watoto: *kintsugi*, ufundi wa kuunga chombo kilichovunjika kwa utomvu wa mti na kupaka unga wa dhahabu juu ya ufa, ili ufa uonekane badala ya kufichwa.

Na si kila cha buluu ni cha China. Richard Burton alipopita Tongoni mwaka 1857 aliona kaburini kigae kilichong'aa chenye maandishi ya Kiajemi. Vyombo vya Uajemi na Ghuba vilifika kwetu kwa wingi kabla ya vile vya China na pamoja navyo. Mwili wake ni wa manjano au wekundu hafifu, hunywa maji, na tabaka lake la kioo hubanduka kama magamba. Halafu karne ya 19 ilileta mabakuli ya viwanda vya Ulaya, hasa ya Maastricht huko Uholanzi, ambayo bibi zetu wengi waliyapanga katika zidaka za ukutani. Kwenye mengi ya hayo ua moja hurudiwa pasipo kubadilika hata kidogo, kwa kuwa limegongwa kwa muhuri. Mkono wa mtu haurudii hivyo. Wanafunzi waliochora jani la mwembe mara nne wataligundua hili kwa haraka inayoshangaza.

Siku ya Tongoni

Ziara iwe ya mwisho, si ya kwanza. Mwalimu aende kwanza peke yake, apate ruhusa ya wanaohusika, azungumze na mlinzi wa magofu na wazee wa kijiji, kwa kuwa haya ni makaburi kabla ya kuwa darasa. Wanafunzi waelezwe kwamba hawatakanyaga wala kuegemea kitu. Kila kundi la watu watano lipewe uzi, rula, karatasi na shimo moja la kulichunguza.

Kazi yao ni kupima upana wa shimo na kina chake bila kukwaruza chokaa, kulichora, na kuandika liko upande gani na juu kiasi gani. Je, ni la bakuli lenye kina au la sahani bapa? Je, aliyesimama kuzuru angeutazama mdomo wa chombo au ndani yake? Kisha, chini ya mti, kila kundi likate duara la karatasi lenye upana ule ule na kulichora chombo ambacho kingeweza kukaa hapo, na liandike nyuma ya duara, yaani kwenye kitako, sababu zake: kwa nini seladoni, kwa nini maua ya buluu, kwa nini ya Uajemi. Tujihadhari na jibu la haraka. Kaburi la karne ya 15 laweza kupachikwa bakuli la wakati huo, au bakuli la zamani zaidi lililokuwa limekaa kidakani mwa nyumba kwa vizazi kadhaa. Haliwezi kupachikwa *sometsuke* ya Arita, na kundi litakalochora hivyo liulizwe miaka.

Katika ziara yetu ya mwisho yule kijana wa kipande chenye chokaa alikuwapo, sasa akiwa darasa la saba. Kundi lake lilichagua seladoni yenye samaki wawili. Nyuma ya duara waliandika kwamba shimo lilikuwa na kina, na kwamba karne ya 15 Longquan ilikuwa bado ikifanya kazi. Chini kabisa, kwa mwandiko wake, palikuwa na sentensi ambayo hatukuiagiza: "Pembeni mwa shimo pana alama za chuma. Aliyeling'oa alianza upande wa kushoto." Alikuwa amezichora alama hizo moja moja, saba kwa jumla, na kuzipima. Tuliporudi shuleni tuliyabandika maduara yote ukutani kwa kimo kile kile yaliyopimwa, na la kwake tuliliweka pamoja na mchoro wa alama.

Kabla ya kupanda gari kila mwanafunzi alipindua mifuko yake. Kilitoka kigae kimoja, kidogo kama ukucha, cha kijani. Aliyekuwa nacho hakugombezwa. Alirudi na mwalimu mmoja mpaka pale alipokiokota, akakiweka upande ule ule uliokuwa juu.